Dirisha Tunalichagua Tukiwa Tumechelewa

Ukiifuata barabara ya Fort Portal kutoka mjini Kasese mpaka Rukoki, yaliko makao makuu ya wilaya, utakutana na nyumba za kila hatua ya ujenzi: misingi iliyojaa mawe, kuta za matofali ya kuchoma zinazosubiri paa, na nyumba zilizokwisha kuhamiwa huku madirisha yake yakiwa bado yamezibwa kwa mabati chakavu au turubai. Hizi za mwisho zinaonyesha wazi jinsi tunavyolichukulia dirisha. Fundi hupandisha ukuta, akifika usawa wa kiuno huacha tundu la ukubwa aliouzoea, upande aliouzoea, kisha huendelea mpaka kwenye linta. Mwenye nyumba hulipia msingi, saruji, kenchi na mabati, na pesa zikiwa zimebaki za kuhesabu ndipo huenda kwa mchomeleaji au kwa muuza alumini kuuliza ni kioo cha rangi gani kinachopendeza. Swali hilo lina haki ya kuulizwa, lakini ni la mwisho katika maswali ya dirisha, nasi tumelifanya la kwanza na la pekee. Ninachosema ni kwamba mwanga wa dirisha, uimara wake na sehemu kubwa ya uzuri wake huamuliwa siku ramani inapochorwa, wakati ambapo kubadili mawazo hakugharimu hata shilingi. Katika bonde letu lenye jua kali, vumbi, mbu na ardhi inayotikisika, kuchelewa kuamua kunatutoza kwa miaka mingi.

Tuanze na jua. Ikweta inapita Kikorongo, kusini ya mji wa Kasese, kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja wa mbingu mwaka mzima kama lilivyo Ulaya au Afrika Kusini. Machi na Septemba husimama utosini. Juni huegemea kaskazini na Desemba kusini, na hata katika miezi hiyo, likifika kilele cha safari yake ya siku, huwa juu kiasi cha nyuzi 66 kutoka upeo wa macho. Jua la juu namna hiyo ni rahisi kulizuia. Upenu wa paa wa sentimita 60 hutia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta ulio chini yake, yaani sehemu kubwa ya dirisha la kaskazini au la kusini, na mwanga ukaingia bila ukali wake. Mambo hugeuka kwenye kuta za mashariki na magharibi. Saa mbili baada ya kuchomoza, jua liko nyuzi 30 tu, na upenu ule ule haukingi hata sentimita 40; linalobaki lote linapita kwenye dirisha na kulala juu ya kitanda. Jioni ni vibaya zaidi, kwa sababu mabati na kuta vimekuwa vikinyonya joto tangu asubuhi. Saa zetu za Uganda zinafuata wakati wa Afrika Mashariki, na kwa sababu Kasese iko magharibi sana ya ukanda huo, jua hufika kilele karibu saa saba mchana na kuzama karibu saa moja jioni. Milima ya Rwenzori hulificha mapema kidogo, lakini kufikia hapo limeshauchoma ukuta wa magharibi alasiri nzima.

Sasa iangalie barabara yenyewe. Inaelekea kaskazini, kwa hiyo nyumba yoyote iliyojengwa kuitazama ina uso wa mashariki au wa magharibi, na kwa kuwa kila mtu anataka uso wa nyumba upendeze, madirisha makubwa ya sebule na ya chumba kikuu yanawekwa hapo hapo jua linapopiga ana kwa ana. Kuta za pembeni, ambazo zingeleta mwanga mtulivu siku nzima, zinapewa vidirisha vya choo na stoo. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu: mapazia mazito yanayoshushwa kuanzia saa tisa, na taa inayowashwa mchana ndani ya nyumba yenye madirisha makubwa. Ukiwauliza wengi watasema tatizo ni joto la Kasese. Joto lipo, ila nyumba hiyo imelikaribisha yenyewe. Mwenye kiwanja kinachoitazama barabara hahitaji kuipa mgongo. Anaweza kuweka baraza pana mbele, uso wa nyumba ukapata kivuli na heshima yake, kisha madirisha makubwa yakahamia kwenye kuta za kaskazini na kusini. Wajenzi wa pwani walilielewa jambo hili zamani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa, madirisha yalifungwa milango ya mbao yenye vibao vilivyolazwa mshazari, vinavyokataa jua na kuruhusu upepo. Fundi seremala wa Bwera, hapa hapa wilayani, anaweza kutengeneza kitu kama hicho kwa zana alizonazo leo.

Hapa ndipo muuza kioo anapoingia na jibu lake: kioo cheusi, au cha kahawia, au kile cha kung'aa kama bluu. Hoja yake haikosi ukweli. Kioo cha rangi hupunguza sehemu ya nguvu ya jua inayopita. Lakini hupunguza pia mwanga, ambao ndio sababu ya kuwa na dirisha. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaokigonga. Cha rangi nzito kinaweza kupitisha nusu yake au pungufu. Zaidi ya hapo, joto lile halipotei. Kioo chenyewe hulinyonya, kikapata moto, kisha kikarudisha sehemu yake ndani ya chumba. Kivuli kilicho nje ya kioo, kiwe cha upenu, cha baraza au cha mti wa mwembe, hulizuia joto kabla halijaingia na hakina haja ya kubadilishwa. Kwa hiyo mtu anayenunua kioo cheusi kwa ukuta wa magharibi ananunua kwa fedha taslimu sehemu ndogo ya faida ambayo angeipata bure kwa kuligeuza dirisha upande kwenye karatasi. Anayependa rangi hiyo kwa sura yake tu ana uhuru wake, mradi ajue kwamba anailipia mara mbili: dukani, na kila siku kwenye taa.

Jambo la taa lina uzito wake Kasese. Mwaka 2012 wilaya hii, pamoja na shirika la WWF, ilianza mpango wa kutaka kila kaya ipate nishati safi ifikapo 2020, na paneli ndogo za jua zikaenea kwenye mapaa hata katika vijiji vya milimani. Ni kazi njema. Hata hivyo, betri ya taa ndogo ina ukomo wake, na ikitumika mchana kwa sababu chumba ni giza, usiku mtoto anasoma kwa mwanga uliochoka. Wanaoumia zaidi ni wapangaji. Vyumba vya kupanga vya safu moja, vinavyojengwa kwa wingi pembezoni mwa mji na karibu na soko la Mpondwe, mara nyingi vina mlango na kidirisha kimoja vikiwa upande mmoja, na ukuta wa nyuma hauna tundu lolote, au umegusana na vyumba vya safu nyingine. Mlango ukifungwa, chumba ni giza. Ukiachwa wazi, faragha imekwisha. Humo mama anapika kwa mkaa mvua inaponyesha, watoto wanalala wanne, na nguo zinakauka kwenye kamba. Uingereza iliwahi kutoza kodi ya madirisha, kuanzia 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha yao kwa matofali ili wasilipe, mpaka matabibu wakapiga kelele kuhusu afya za maskini. Hapa kwetu hakuna anayetozwa kodi hiyo, na bado tunamjengea mpangaji kana kwamba ipo. Tundu moja la nyuma, lenye nusu mita kila upande, lingekibadilisha chumba hicho, na matofali ambayo hayakutumika yangefidia sehemu ya gharama ya fremu.

Kwa nini tundu la nyuma? Kwa sababu hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Dirisha moja kubwa kwenye ukuta mmoja hupitisha hewa kidogo chumbani kuliko madirisha mawili ya wastani yanayotazamana. Na hili ni suala la uhai. Kifua kikuu huenea kwa hewa ya ndani iliyotumika na watu wengi, na vijidudu vyake hupungua hewani hewa inapobadilishwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo walivyofanya katika hospitali 8 za Lima, nchini Peru: vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa takriban mara 28 kwa saa, wakati vyumba vyenye mashine za kupuliza hewa vilifikia mara 12. Kinachonigusa zaidi ni tofauti kati ya majengo yaliyopungwa kwa madirisha tu. Yale ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40. Ya kisasa yaliishia mara 17. Usasa uliopunguza madirisha ulipunguza na usalama. Zahanati, shule na makanisa yanayojengwa Rukoki na Bwera leo yanapaswa kupimwa kwa kipimo hicho, kwa kuwa ndimo watu wengi wanamokaa pamoja kwa saa nyingi.

Kuna kipimo cha zamani kinachosaidia. Kanuni za mfano za ujenzi za Uingereza za mwaka 1877 zilitaka madirisha ya chumba yasipungue moja ya kumi ya eneo la sakafu, na angalau nusu yake iweze kufunguliwa, na wazo hilo likasafiri na utawala wa kikoloni hadi kwenye sheria za ujenzi za nchi nyingi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinahitaji basi dirisha lisilopungua mita 0.9 za mraba. Mimi nakichukua hicho kama kiwango cha chini kabisa kwa mahali penye joto kama bonde la Kasese, na sehemu ya pili, ile ya kufunguka, ndiyo ninayoitilia mkazo. Dirisha la kusukuma kwenye reli, lenye vioo viwili, hufungua nusu tu ya eneo lake, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Mwenye dirisha la kusukuma la mita 1.2 kwa 1.2 anadhani ana mita 1.44 za hewa, kumbe ana 0.72. Ikiwa alumini ya kusukuma ndiyo anayoitaka, aipe ukubwa unaofidia upungufu huo. Na juu yake abakishe matundu ya hewa yasiyofungwa, ambayo mafundi wetu wa zamani hawakuyasahau, na ambayo sasa yanazibwa kwa saruji eti yanaharibu sura.

Msomaji anaweza kufikiri kwamba nashauri kuta zijazwe matundu. Ardhi yetu hairuhusu. Tunaishi juu ya Bonde la Ufa, chini ya mlima unaoendelea kuinuliwa na nguvu zile zile zinazotikisa nyumba. Tetemeko la Machi 20, 1966, lililopiga Toro na upande wa Kongo, liliua zaidi ya watu 150 na kubomoa maelfu ya nyumba. La Februari 5, 1994 karibu na Fort Portal liliua tena. Ukuta wa matofali ukitikiswa, nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha na milango, mahali ukuta ulipokatwa. Miongozo ya kimataifa ya ujenzi wa matofali katika maeneo ya matetemeko inataka dirisha likae angalau sentimita 60 kutoka kona ya nyumba, kati ya tundu na tundu kubaki ukuta usiopungua kiasi hicho, na jumla ya upana wa matundu yote isizidi nusu ya urefu wa ukuta katika nyumba isiyo na ghorofa. Juu ya yote inataka mkanda wa zege wenye nondo uizunguke nyumba nzima bila kukatika, usawa wa linta. Mtindo unaoenea wa kuweka dirisha kubwa kwenye kona, kioo kikikutana na kioo pasipo nguzo, unapendeza kwenye picha za nchi zisizotikisika. Katika wilaya inayotengeneza saruji yake yenyewe pale Hima, hakuna sababu ya mtu kuweka linta fupi juu ya kila dirisha na kuacha ukuta uliobaki ukijishikilia wenyewe. Kukata madirisha ya wastani, mengi, yaliyopangwa kwa nafasi, kunatimiza mwanga na usalama kwa pamoja. Lakini ni nani atayapanga hivyo baada ya ukuta kusimama?

Nikigeukia uimara, hapa wilayani tunao ushahidi mkubwa kuliko wowote ambao muuzaji angeweza kutuonyesha. Katika miaka ya 1970 Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi kando ya ziwa Katwe. Kilikuwa cha kisasa kwa viwango vya wakati ule. Maji ya ziwa yakayala mabomba yake muda mfupi tu baada ya kuanza kazi, kiwanda kikasimama, na wachimbaji wakaendelea kuvuna chumvi kwa mikono kama babu zao. Hakukuwa na ubaya katika chuma kile. Kilikuwa mahali pasipo pake. Dirisha nalo lichaguliwe kwa mtihani huo, yaani mahali litakapokaa. Kwa Katwe na kandokando yake, chuma cha kawaida kitahitaji kupakwa rangi mara kwa mara, na alumini ina hoja ya kweli. Kwa Rukoki, kwenye ukame wa bonde, chuma kilichotengenezwa vizuri kinaweza kumzika aliyekinunua. Kwa Bwera na milima iliyo juu yake, kwenye mvua nyingi zaidi, jambo la kwanza ni maji yateremke nje, kisha ndipo tujadili fremu.

Na dirisha la chuma lililotengenezwa vizuri linatambulikana kwa macho. Angalia kwanza maungio. Mchomeleaji mwenye subira huisaga sehemu aliyounganisha mpaka ikawa laini, akaipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla dirisha halijatoka uani kwake. Mwenye haraka huipaka rangi nyeusi ya mafuta juu ya vumbi la kuchomelea, na ndani ya misimu miwili ya mvua kutu inachungulia kwenye pembe za chini. Pembe za chini ndiko dirisha linakofia. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo, yakasimama kwenye ukingo wa chini, yakapenya pale mshikizo wa kioo ulipopasuka kwa jua. Ndiyo maana kizingiti cha saruji nje ya dirisha kinapaswa kuinamia nje, kitokeze kidogo nje ya ukuta, na chini yake kiwe na mfereji mwembamba wa kudondosha maji yasirudi ukutani. Fundi mwashi hulifanya hilo kwa mwiko na kamba kabla saruji haijakauka, na halihitaji mfuko wa ziada. Ikiwa chuma ni cha bomba la mraba, ncha zake ziwe zimefungwa, la sivyo kutu huanzia ndani isikoonekana, na mwenye nyumba anashtuka siku bawaba inapong'oka na kipande cha fremu.

Alumini haioti kutu namna hiyo, na simlaumu anayeichagua. Lakini kinachokufa kwenye dirisha la alumini la kusukuma ni vitu vidogo: magurudumu, mpira wa kuzuia maji, kitasa, na reli ya chini inayojaa vumbi la barabara ya malori mpaka vitundu vya kutolea maji vinaziba. Anayenunua aulize mambo matatu kabla ya bei: unene wa alumini yenyewe, kwa kuwa ile nyembamba hujikunja ukiibonyeza kwa kidole gumba, kama magurudumu hayo yanapatikana Kasese au lazima yaagizwe Kampala, na nani atakuja kioo kikubwa kikivunjika. Kwenye dirisha la chuma lenye vioo vidogo sita, mpira wa mtoto huvunja kimoja, na kesho yake kingine kinakatwa dukani na kubandikwa. Mbao nazo zisidharauliwe. Mvule na mkangazi unaopita Mpondwe kutoka Kongo umedumu kwenye nyumba nyingi kuliko umri wa wajukuu wa waliozijenga, mradi umekaushwa, umepakwa mafuta na umelindwa na upenu. Mkaratusi uliokatwa mwezi uliopita, kinyume chake, utapinda kabla ya Krismasi, dirisha likakataa kufungika, na lawama akabebeshwa seremala. Mbao za Kongo zina swali jingine la haki, la misitu inayokatwa bila kibali, na mnunuzi anao wajibu wa kuuliza zilikotoka.

Sasa pingamizi, na nianze na la mbu kwa sababu ni la kweli kuliko yote. Watu wanasema: dirisha kubwa likifunguliwa, malaria inaingia. Kasese ina malaria, na hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa maana yake. Lakini dawa ya mbu kwenye dirisha ni wavu, na wavu umepimwa. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu kwenye milango na madirisha, na uwazi ulio kati ya ukuta na paa ukazibwa, zilikuwa na chini ya nusu ya mbu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12, dhidi ya 19 katika nyumba zisizo na nyavu. Kuna funzo jingine ndani yake ambalo wajenzi wetu wanalikosa: mbu wa malaria hupita sana kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Mtu anayefunga dirisha kwa kuogopa mbu na kuacha uwazi huo wala hajamzuia mbu. Amejizuia yeye hewa tu. Wavu nao una masharti ya ramani. Dirisha la bawaba linalofunguka nje linapokea fremu ya wavu kwa ndani. Nondo zikiwekwa ovyo, wavu hauna pa kukaa. Tena wavu hupunguza upepo, kwa hiyo anayeuweka anahitaji dirisha kubwa zaidi, na tumerudi kwenye ukubwa wa tundu.

Pingamizi la wezi linastahili heshima zaidi. Kwa watu wa Mpondwe-Lhubiriha, ambao Juni 2023 walizika watoto wao waliouawa shuleni na waasi wa ADF, usalama ni jeraha bichi, na sitamwambia yeyote kati yao ang'oe nondo zake. Ninachoomba ni dirisha moja katika kila chumba cha kulala ambalo nondo zake zina bawaba na komeo kwa ndani, na ufunguo wake unajulikana na kila anayelala humo. Sababu ni moto. Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli nchini Kenya waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Uganda ilizika karibu watoto 20 wa shule ya msingi ya Budo Aprili 2008. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unasema waziwazi kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Mwizi anaweza kuja. Moto wa mshumaa, wa jiko au wa nyaya mbovu unaweza kuja pia, na nondo zisizofunguka hazichagui zimzuie nani. Mchomeleaji anayetengeneza geti lenye bawaba anaweza kutengeneza na hili, na tofauti ya bei ni bawaba mbili na komeo moja.

Linabaki suala la fedha, ambalo wengi wataliweka mbele ya yote. Familia nyingi zilizopoteza nyumba kwa mafuriko ya mto Nyamwamba mwaka 2013 na tena Mei 2020 zinajenga upya kwa senti zilizookotwa, na baadhi zilipitia maisha ya kambi ya Muhokya. Kuzungumza nazo habari za madirisha mazuri kunaweza kuonekana kama kukosa utu. Naona kinyume. Mtu mwenye fedha nyingi anaweza kufidia dirisha baya kwa feni, pazia zito, taa na fundi wa kila mwaka. Asiye nazo hana fidia yoyote. Ataishi na tundu alilochimbiwa. Kuligeuza dirisha kutoka magharibi kwenda kusini ni bure. Kuurefusha upenu kwa nusu mita ni mbao chache na vipande vya bati. Kuinamisha kizingiti ni bure. Kupaka kuta za ndani rangi nyeupe au krimu, ili mwanga ulioingia usafiri mpaka kona ya mwisho, ni bei ile ile ya kupaka rangi nzito. Na kama fedha hazitoshi vioo, ni afadhali kuweka fremu imara zenye milango ya mbao, ukubwa na mahali vikiwa sahihi, na kungoja vioo mwaka mwingine, kuliko kuweka vioo vya fahari kwenye tundu baya ambalo halitarekebishika pasipo nyundo.

Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya Uganda ya mwaka 2013 inataka mwenye kujenga apate kibali, na ramani yake ipite mbele ya kamati ya ujenzi. Ninaiomba kamati ya wilaya hapo Rukoki, pamoja na ya manispaa, isiishie kuangalia mipaka ya kiwanja na shimo la choo. Iulize kila ramani: kila chumba kina madirisha kwenye kuta mbili, au angalau tundu la kutolea hewa? Ukuta wa magharibi una kinga gani? Mkanda wa zege unazunguka? Nondo za chumba cha kulala zinafunguka? Na ikatae, bila kuona haya, ramani ya vyumba vya kupanga visivyo na dirisha la nyuma, hata kama anayeileta ni mtu mkubwa. Kwako wewe unayejenga mwaka huu, iwe Rukoki, Kasese mjini au Bwera, ombi langu ni dogo. Kabla msingi haujachimbwa, nenda kiwanjani na fundi wako asubuhi, mrudi tena saa kumi alasiri, mtie vigingi mahali madirisha yatakapokaa, na mwandike vipimo vyake kwenye ramani kabla tofali la kwanza halijalazwa. Rangi ya kioo itangoja.